Tujue Vyombo Tulivyonavyo Kabla ya Kuomba Vingine: PRE na POST Katika Mikisa ya Kanisa

Hotuba ya ofisi ya miradi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wageni washirika, Mvumi, Wilaya ya Kilosa

 

Awali ya yote tunawashukuru wenyeji wetu wa Mvumi kwa mapokezi mazuri na kwa chai ya asubuhi. Tunafahamu kwamba wengi mmekuja mkitarajia kusikia habari za visima, matanki ya maji ya mvua na ada za watoto yatima. Mambo hayo yote yapo kwenye ratiba ya mchana. Asubuhi hii tumeomba muda tuzungumze juu ya swichi moja ndogo, ambayo ukubwa wake ni kama punje ya hindi. Swichi hiyo ipo kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti mnayoiona hapa mezani. Kwa sababu ya swichi hiyo usharika mmoja wa dayosisi ulikaribia kupoteza fedha za wafadhili, na ulikwisha kumpoteza mwalimu wake wa kwaya. Sisi wa ofisi ya miradi tulishiriki katika kosa hilo, na ndiyo maana tunataka tulieleze wenyewe.

Yaliyotokea

Usharika huo hatutautaja jina. Washirika wetu wa ng'ambo walikuwa wameupatia vyombo: mikisa ya chaneli 12, spika mbili kubwa za ukumbini, spika mbili za kusikilizia ambazo vijana huziita monita, maikrofoni, na mashine ya mwangwi, au kama wengi tunavyosema, eko. Siku ya kuwekwa wakfu furaha ilikuwa kubwa. Lakini baada ya miezi michache malalamiko yalianza. Kwaya ilikuwa inapoteza ufunguo katikati ya wimbo. Sauti ya tatu ilikuwa inachelewa. Mara kwa mara spika zilipiga mluzi mkali hata watoto wakaziba masikio, na mzee mmoja akaomba turudi kuimba kwa midomo mitupu kama zamani.

Kamati ilikaa vikao vitatu. Kikao cha kwanza kiliwalaumu vijana wa mitambo. Kikao cha pili kilimlaumu mwalimu wa kwaya, mama ambaye alikuwa amefundisha kwaya hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Ilisemwa kwamba umri umekwenda na masikio yake yamechoka. Akaombwa apumzike, kwa maneno ya heshima, naye akaitika na kukaa kwenye viti vya nyuma. Kikao cha tatu kiliamua kuwa mikisa ni mbovu, na kwamba wafadhili waandikiwe barua ya kuomba nyingine kubwa zaidi.

Barua hiyo ilipita mezani kwetu. Tuliisoma, tukaiunga mkono. Katika taarifa yetu tukaongeza kwamba kwaya "inahitaji mafunzo ya sauti". Hatukuwa tumehudhuria zoezi lao hata moja.

Kabla barua haijatumwa tulikwenda kwenye usharika huo kukagua tanki la maji. Ilikuwa Jumamosi, na kwaya ilikuwa kwenye zoezi. Tulikuwa na kijana fundi wa redio ambaye alikuja kuangalia nyaya za umeme. Tulipokaa kusikiliza tuliona jambo la ajabu kidogo. Kila mara mzee aliyekaa mlangoni alipomwonyesha kijana wa mitambo ishara ya kupunguza sauti, waimbaji walianza kuinamisha vichwa kuelekea spika za kusikilizia, kama watu wanaosikiliza mtu anayenong'ona. Baada ya mistari miwili ufunguo ulikuwa umeshuka. Mzee alipoonyesha ishara ya kuongeza, mluzi ulipiga.

Fundi yule aliuliza swali moja tu: "Spika za kusikilizia mmezichukua kwenye PRE au kwenye POST?" Hakuna aliyejibu. Nasi pia hatukuwa na jibu.

Njia ya sauti ndani ya mikisa

Ndugu wajumbe, hebu tuifuate sauti. Mwimbaji anaimba kwenye maikrofoni. Sauti inapita kwenye waya hadi kwenye chaneli yake katika mikisa. Kwanza inakutana na kitufe cha juu kilichoandikwa GAIN, ambacho huikuza ile sauti ndogo ya maikrofoni ifikie kiwango cha kufanyiwa kazi. Kisha inapita kwenye vitufe vya kurekebisha sauti nene na sauti nyembamba. Mwisho inafika kwenye kile kijiti cha kusukuma juu na chini. Hicho huitwa feda. Tunasema feda, si fedha, ingawa vyote viwili vikishuka kwaya hunyamaza. Kutoka kwenye feda sauti zote hukusanyika kwenye feda kuu, na kutoka hapo zinakwenda kwenye spika kubwa za ukumbini.

Hiyo ni njia kuu. Lakini kila chaneli ina pia vitufe vya kuzungusha vilivyoandikwa AUX, na vingine vimeandikwa FX. Sisi tutaviita oksi. Kazi ya oksi ni kuchukua nakala ya sauti ya chaneli ile na kuipeleka mahali pengine kwa waya wake: kwenye spika za kusikilizia, kwenye mashine ya mwangwi, au kwenye chombo cha kurekodia.

Swali zima la asubuhi hii ni hili: nakala hiyo inachukuliwa kabla ya feda, au baada ya feda?

Ninyi mnaolima mpunga wa umwagiliaji katika wilaya hii mtaelewa haraka kuliko mhandisi. Chukulieni kuna mfereji mkubwa, na kwenye mfereji kuna lango la kufungulia maji. Mkulima wa kwanza amechepusha maji yake juu ya lango. Mkulima wa pili amechepusha chini ya lango. Mkishusha lango, wa kwanza anaendelea kupata maji kama kawaida, kwa sababu yeye hategemei lango. Wa pili shamba lake linakauka. Mkiinua lango, wa kwanza haoni mabadiliko, na wa pili anapata maji mengi.

Feda ndiyo lango. Oksi ya PRE imechepusha sauti juu ya lango. Oksi ya POST imechepusha chini ya lango. Ipo tofauti moja tu na maji: mkulima wa juu akichota sana, wa chini hukosa. Sauti haipungui, kwa sababu oksi huchukua nakala, kama vile katibu anavyotoa nakala ya barua na barua yenyewe ikabaki kwenye jalada.

Kwa nini waimbaji wanahitaji PRE

Mwimbaji aliyesimama mbele yuko nyuma ya spika kubwa, au pembeni yake. Kinachomfikia kutoka kwenye spika hizo ni sauti iliyokwenda hadi ukuta wa nyuma na kurudi. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kanisa likiwa na urefu wa mita 20, kwenda na kurudi ni mita 40, yaani zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hiyo ni ndogo kwa anayesikiliza mahubiri, lakini kwa anayeimba ni kubwa. Akifuata sauti ile ya ukutani, atachelewa. Na katika makanisa yetu ya kuta za saruji na paa la bati, sauti ya ukutani ni nyingi kweli kweli. Kwa hiyo spika ya kusikilizia si pambo. Ndiyo inayompa mwimbaji ufunguo na mwendo.

Sasa tazameni kilichotokea kule. Spika za kusikilizia zilikuwa kwenye POST. Kijana wa mitambo alipopunguza feda ili ukumbi usiumie, alipunguza pia kile ambacho waimbaji walikuwa wanasikia. Wakabaki na sauti ya ukutani peke yake, ufunguo ukashuka, sauti ya tatu ikachelewa. Alipopandisha feda ili ukumbi usikie vizuri, alipandisha pia spika zilizo karibu kabisa na maikrofoni. Maikrofoni ikanasa sauti ya spika, ikaipeleka kwenye mikisa, ikatoka tena kwenye spika kubwa kuliko mwanzo, ikanaswa tena, na duara hilo ndilo linalopiga mluzi. Kijana hakuwa mzembe. Kwa mkono mmoja alikuwa anaendesha mambo mawili ambayo hayapaswi kwenda pamoja.

Fundi alibonyeza swichi za chaneli za kwaya, moja baada ya nyingine, kwa ncha ya kalamu, kutoka POST kwenda PRE. Tungependa kuwaambia kwamba hapo hapo kwaya iliimba vizuri. Haikuwa hivyo. Kilichofuata ni mluzi mkubwa kuliko yote ya mwaka ule. Sababu ni kwamba kwa miezi mingi vijana walikuwa wameongeza vitufe vya oksi hadi mwisho ili kufidia kile kilichokuwa kinapotea kwenye feda. Lango lilipoacha kuzuia, maji yote yakaingia shambani kwa wakati mmoja. Kwa hiyo tunawaasa: kabla ya kubadilisha swichi hiyo, shusheni kwanza vitufe vya oksi hadi sifuri, kisha mvipandishe kidogo kidogo huku mwimbaji mmoja mmoja akiimba.

Tulifanya hivyo kwa muda wa kama saa nzima. Kisha kwaya ikaimba. Mzee wa mlangoni akaonyesha ishara ya kupunguza, kijana akapunguza, na safari hii hakuna aliyeinamisha kichwa. Ufunguo ulibaki pale pale hadi mwisho wa wimbo.

Mwenyekiti wa kamati hakusema neno kwa muda. Kisha akasema twende nyumbani kwa mwalimu. Tulikwenda sote, yeye, mchungaji na sisi wa ofisi. Tulimweleza yule mama kilichogunduliwa, tukamwomba radhi. Alitusikiliza hadi mwisho, akasema: "Nilikuwa nawaambia wanangu siwasikii, nanyi mkadhani ni masikio yangu." Hakurudi siku ile. Alirudi baada ya wiki mbili, baada ya kamati kuyasema hayo hayo mbele ya kwaya nzima.

Kwa nini mwangwi unahitaji POST

Msitoke hapa mkisema PRE ni nzuri na POST ni mbaya. Kila moja ina kazi yake.

Mwangwi ni jambo la zamani katika kurekodi. Mwaka 1947 huko Chicago, Marekani, fundi Bill Putnam alirekodi kundi la wapiga kinanda cha mdomo, The Harmonicats. Alipeleka nakala ya sauti kwenye spika iliyowekwa ndani ya bafu la studio, akaweka na maikrofoni humo, na ule mwangwi wa kuta za bafu akaurudisha kwenye mikisa na kuuchanganya na sauti halisi. Miaka kumi baadaye, mwaka 1957, kampuni ya EMT ya Ujerumani ilitoa mashine ya mwangwi iliyotumia bamba kubwa la chuma, na mashine nzima ilikuwa na uzito wa kama kilo 270. Leo kazi hiyo hiyo inafanywa na kijisehemu kidogo ndani ya mikisa hii iliyo mezani. Lakini njia ni ile ile ya bafuni: nakala inakwenda, inavikwa mwangwi, inarudi na kuchanganywa.

Mwangwi ni kivuli cha sauti. Mtu akisogea, kivuli chake kinasogea naye. Akiondoka, kivuli kinaondoka. Kwa hiyo nakala ya kwenda kwenye mwangwi lazima ichukuliwe baada ya feda, ili feda ikishuka mwangwi nao ushuke kwa kiasi kile kile. Ukiichukua kabla ya feda utashusha mtu na kukiacha kivuli.

Katika usharika mwingine, ambao nao hatutautaja, mchungaji alimaliza mahubiri na kijana akashusha feda yake hadi chini kabisa, kama alivyofundishwa. Mchungaji akainama kumwuliza mtunza hazina jambo la sadaka. Mwangwi ulikuwa kwenye PRE. Sauti yenyewe haikusikika, lakini kivuli chake kilisikika kanisa zima, kwa mbali, kama mtu anayezungumza ndani ya kisima. Washarika walicheka siku ile. Lakini ingekuwa maneno ya maungamo, au habari za ugonjwa wa mtu, tusingecheka.

Hapo hapo tuseme tahadhari inayohusu PRE pia. Kwa kuwa spika ya kusikilizia haitegemei feda, kushusha feda ya mchungaji hakumwondoi kwenye spika hiyo. Waimbaji wataendelea kumsikia. Ili kufunga maikrofoni kabisa tumieni kitufe kilichoandikwa MUTE. Kwenye mashine nyingi kitufe hicho hufunga na njia za PRE pia, lakini si kwenye zote, kwa hiyo jaribuni yenu kabla ya ibada. Maikrofoni yenye swichi yake mwenyewe ni salama zaidi kwa mhubiri.

Jambo la mwisho kuhusu mwangwi: kama unarudi kwenye mikisa kupitia chaneli yake, kitufe cha oksi ya mwangwi kwenye chaneli hiyo kiwe sifuri. La sivyo mwangwi unajipeleka wenyewe kwenye mashine yake, unazunguka na kupiga mluzi. Na katika kanisa tupu la saruji na bati, ambalo tayari lina mwangwi wake, wekeni kidogo sana au msiweke kabisa. Neno likieleweka ndiyo faida.

Kurekodi na maturubai ya nje

Kwaya zetu nyingi zinataka kurekodi. Si ajabu. Rose Muhando, ambaye nyimbo zake za Injili zinajulikana Afrika Mashariki nzima, alizaliwa Dumila, katika wilaya hii hii. Na Kwaya ya Uinjilisti ya Kijitonyama, Dar es Salaam, imetuonyesha mahali kwaya ya usharika wa Kilutheri inapoweza kufika. Vijana wetu wanaona hayo, wanachomeka simu au kompyuta kwenye mikisa Jumapili, kisha wanashangaa: kwenye rekodi sauti za waimbaji ni kubwa mno, kinanda kinasikika kwa mbali, ngoma hazipo kabisa.

Sababu ni rahisi. Wanarekodi kile kinachokwenda kwenye spika za ukumbini. Ngoma ni kubwa zenyewe, kwa hiyo ukumbini haziongezwi. Kinanda kina spika yake. Mikisa haina habari zao. Dawa ni kuweka maikrofoni ya ngoma na waya wa kinanda kwenye chaneli zao, kuacha feda za chaneli hizo chini, na kutumia oksi moja ya PRE kwa ajili ya kurekodi tu. Ukumbini hakuna kitakachobadilika. Kwenye rekodi kila kitu kitakuwepo kwa kiasi mnachokitaka, na mzee wa mlangoni anaweza kuomba kupunguziwa mara kumi bila kuharibu rekodi. Kijana mmoja asikilize kwa hedifoni na kurekebisha.

Kinyume chake, siku ya mkutano wa nje au mazishi makubwa, watu wakijaa hadi kwenye maturubai, spika za maturubai zichukueni kwenye POST. Hapo mnataka walio nje wasikie yale yale ya walio ndani: akiongezwa mhubiri ndani aongezwe na nje, akifungwa ndani afungwe na nje.

Kwa hiyo jiulizeni kila mara: huyu anayepelekewa nakala, anatakiwa kufuata feda, au asifuate? Asiyetakiwa kufuata apewe PRE. Anayetakiwa kufuata apewe POST.

Jaribio la mzee wa kanisa

Tunawapa jaribio la dakika tano ambalo mjumbe yeyote wa kamati anaweza kulisimamia bila kujua Kiingereza na bila kugusa mashine.

Kwanza, mtu mmoja aongee au aimbe mfululizo kwenye maikrofoni. Pili, kijana wa mitambo ashushe feda ya maikrofoni hiyo hadi chini kabisa. Tatu, mzee asimame mbele ya spika ya kusikilizia. Sauti bado ipo? Vizuri, hiyo ni PRE. Imepotea? Ni POST, na kwaya yenu inateseka. Nne, mzee aende katikati ya ukumbi. Kumekuwa kimya? Vizuri, mwangwi uko POST. Mwangwi bado unasikika kwenye spika kubwa bila sauti yenyewe? Uko PRE, rekebisheni kabla ya Jumapili.

Mkimaliza, bandikeni karatasi ndogo kwenye mikisa kwa gundi ya utepe na mwandike kwa Kiswahili: "Waimbaji", "Mwangwi", "Kurekodi". Kijana aliyejifunza akihamia Morogoro kutafuta kazi, atakayemfuata asianze upya. Na wafundishwe wawili au watatu kwa pamoja, wasichana wakiwemo, asiwe mmoja tu mwenye siri.

Kwa kamati na kwa wafadhili

Ndugu zetu washirika, mnapoombwa vyombo, na ninyi wajumbe mnapokwenda dukani Morogoro au Kariakoo, tunawaomba muulize swali moja kabla ya kuuliza bei: mashine hii ina oksi ngapi za PRE? Mikisa zilizo ndogo kabisa nyingi zina oksi moja tu, ile ya FX, na hiyo imefungwa kwenye POST kiwandani. Inafaa kwa mwangwi, lakini haifai kwa spika za kusikilizia. Nyingine zina swichi kwa kila chaneli, nyingine zina swichi moja kwa oksi nzima, na nyingine hazina swichi bali oksi ya kwanza ni PRE moja kwa moja. Kwa usharika wenye kwaya, oksi moja ya PRE na moja ya POST ndicho kiwango cha chini. Wenye nia ya kurekodi watafute ya pili ya PRE. Idadi ya chaneli na wingi wa taa si kipimo.

Ile barua ya kuomba mikisa mpya tuliirudisha. Tuliandika nyingine, tukawaeleza wafadhili kosa letu bila kuficha, na badala ya mashine tukaomba msaada wa mafunzo ya siku mbili kwa vijana wa mitambo. Tangu hapo tumejiwekea utaratibu katika ofisi: hatuungi mkono ombi la chombo kipya kabla mtu wetu hajakaa kwenye zoezi moja na kukiona kilichopo kikifanya kazi.

Kanisa letu lina mfano wa zamani wa jambo hili. Mwaka 1963 Shirikisho la Kilutheri Duniani lilifungua kituo kikubwa cha redio Addis Ababa, na vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa katika studio ya Moshi. Machi 1977 serikali ya Ethiopia ya wakati ule ilikitaifisha kituo kile pamoja na mitambo yake yote. Lakini Moshi walibaki watu waliojua kurekodi, na Sauti ya Injili inasikika kutoka Moshi hadi leo. Mitambo ilikwenda, ujuzi ukabaki.

Sasa tunawaomba walimu wa kwaya msogee hapa mezani. Mikisa imewashwa, feda ziko chini. Mama mmoja atuimbie ubeti wowote autakao, na mzee mmoja asimame mbele ya spika atuambie anasikia nini.